Bajeti 1,600,000 ya kompyuta ya gemu: nichukue hii ya i7 iliyofungwa tayari au nikusanye vifaa mwenyewe?

Kibodi255 (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za majukumu. Naomba mwongozo kabla pesa haijatoka mfukoni.

Nina 1,600,000 ya boksi pekee. Kibodi na mausi ninavyo, monita pia ipo: inchi 22, 1920×1080, ila tundu lake ni VGA tu. Gemu ninazolenga ni EA Sports FC, GTA V, Valorant na Warzone, 1080p, sitaki makuu zaidi ya hapo. Nipo Dar, chumba hakina kiyoyozi na umeme wa mtaani kwetu unacheza.

Duka moja Kariakoo wananipa mashine iliyofungwa tayari kwa 1,150,000: Core i7-4770, RAM 16GB DDR3, kadi ya picha RX 580 8GB, SSD 256GB, pawa saplai imeandikwa 600W, kasha la kioo lenye taa. Wanasema i7 ni i7. Nichukue, au nikusanye kifaa kimoja kimoja? Na kama ni kukusanya, pesa niigawe vipi?

FundiSoketi

Mkuu, hiyo mashine iache.

Namba 7 kwenye i7 haikuambii kitu mpaka usome kizazi. i7-4770 ni ya mwaka 2013, ina viini 4 na nyuzi 8, soketi LGA1150. Core i3-12100F, ndugu mdogo wa kizazi cha 12, nayo ina viini 4 na nyuzi 8, na inaiacha mbali kwa sababu kila kiini kinamaliza kazi nyingi zaidi kwa muda uleule. Halafu DDR3 haina mbele. Siku ukitaka prosesa mpya, unaweka kando bodi na RAM pia.

Windows nayo ni tatizo. Windows 10 ilikoma kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inaanzia Intel kizazi cha 8 au Ryzen 2000, na inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama). Zipo mbinu za kuilazimisha iingie kwenye mashine ya zamani, lakini Valorant ikiwa ndani ya Windows 11 inakagua TPM 2.0 na Secure Boot (ulinzi wa wakati mashine inawaka), ikivikosa haifunguki. Kwa hiyo kati ya gemu zako nne, angalau moja imeshatoka kabla hujalipa.

Sasa hiyo RX 580, uliza ni ipi. Ya kweli, ya 2017, ina vichakataji vidogo 2304. Kuna RX 580 2048SP iliyotengenezwa kwa soko la China, ina 2048, sawasawa na RX 570. Stika ya feni na boksi vyote vinasema RX 580 8GB, utaigundua kwa programu tu. Na hata ikiwa ya kweli, AMD waliitoa kwenye draiva kuu mwaka 2023 wakaiweka kwenye tawi la pembeni, na haina maunzi ya ray tracing (kukokotoa miale ya mwanga kwenye picha). Kuna gemu za siku hizi haziwaki kabisa bila maunzi hayo, Doom: The Dark Ages ni mojawapo.

Kwa 1,600,000 mimi ningeigawa hivi. Hii ni mipaka ya juu, usiichukulie kama bei za dukani. Ukipata chini ya hapo, baki na chenji:

- Kadi: RX 6600 8GB, used, 480,000
- Prosesa: Ryzen 5 5600, 260,000
- Bodi: B450 au B550 ya AM4 (soketi ya Ryzen hiyo), 200,000
- RAM: 8GB mbili, DDR4-3200, 200,000
- SSD: NVMe 500GB, 120,000
- Pawa saplai: 550W ya maana, mpya, 170,000
- Kasha: lenye wavu mbele, 90,000

Inabaki 80,000 ya adapta ya monita, feni ya ziada na pesti ya kupoza.

Kwa nini RX 6600? Kumbukumbu ya 8GB, wati 132 tu, waya mmoja wa pini 8. Kwa 1080p inatosha gemu zako zote. Usidanganyike na RX 6500 XT eti ni "mpya zaidi": ina 4GB, na inaongea na bodi kwa njia 4 tu za PCIe (tundu la kadi kwenye bodi). Ukiichomeka kwenye bodi ya PCIe 3.0, kumbukumbu ikijaa gemu inakwama-kwama. RX 6600 ina njia 8, kwa hiyo hata kwenye B450 yenye PCIe 3.0 hasara yake ni ndogo. Ukikuta RTX 3060 ya 12GB ndani ya bajeti, chukua bila kufikiri mara mbili, ila ile inakula 170W.

RAM chukua vipande viwili vya 8GB, si kimoja cha 16GB. Kipande kimoja kinafanya kazi kwa njia moja na prosesa inabaki inasubiri data. Warzone itakuonyesha hilo kwa kushtuka-shtuka hata kama wastani wa fremu unaonekana mzuri. Bei ya RAM ilipanda sana kuanzia mwishoni mwa 2025 viwanda vilipoelekeza chipu kwenye seva za akili bandia, kwa hiyo used ya DDR4 ni halali kabisa, RAM haichakai kwa kutumika. Jihadhari na mbili: vipande vya seva vilivyoandikwa "Registered" au "RDIMM" haviwaki kwenye bodi ya kawaida, na RAM fupi ya laptopu haiingii.

BandariniPC

Naafikiana na ndugu yangu FundiSoketi kuhusu kadi. Kwenye prosesa naomba niongeze upande wa pili, maana upatikanaji wa vitu hubadilika kila wiki.

Kama Ryzen 5 5600 haipo au imepandishwa bei, tafuta Core i5-12400F, viini 6 na nyuzi 12, kwenye bodi ya H610 au B660 ya DDR4. Kwenye gemu hizi hutaona tofauti. Herufi F maana yake haina picha ya ndani, bila kadi skrini itabaki nyeusi. Ryzen 5 5600 nayo ni vivyo hivyo.

i3-12100F inatosha kwa FC, GTA V na Valorant. Kwa Warzone isiwe chaguo la kwanza, viini 4 vinajaa na fremu zinadondoka pale watu wanapokuwa wengi uwanjani.

Bodi za LGA1700, soketi ya hizo 12400F na 12100F, zipo za DDR4 na za DDR5. Jina linaweza kuwa moja ikatofautiana herufi chache mwishoni, mara nyingi "D4". Pengo la kipande cha RAM liko mahali tofauti, kwa hiyo ukikosea haiingii hata ukisukuma. Usisukume. H610 inafaa kwa 12400F. Usiipe i7 baadaye, bodi nyingi za H610 hazina upozaji kwenye sehemu ya kugawa umeme wa prosesa, zinapata joto na prosesa inajipunguza kasi yenyewe.

Kama mfuko utabana, kata kwenye prosesa na si kwenye pawa saplai. Ryzen 5 5500 ina viini 6 vilevile, isipokuwa kashe yake (kumbukumbu ya ndani ya prosesa) ni 16MB badala ya 32MB na inaishia PCIe 3.0. Ukiwa na bodi ya B450 hiyo PCIe 3.0 haikupunguzii chochote, bodi yenyewe imeishia hapohapo.

Kuna watakaokushauri uchukue OptiPlex au EliteDesk ya ofisini uweke kadi. Kwa mtu wa laki sita ni ushauri mzuri. Kwako si mzuri, kwa sababu nyingi zina pawa saplai ya umbo na plagi za kampuni yenyewe, hazina waya wa pini 8 wa kadi, na zile nyembamba zinapokea kadi fupi tu. Utaishia kwenye GTX 1650 ya 4GB.

PawaSafi

Wote mmetaja pawa saplai mkapita. Hapa ndipo pesa za watu zinapoungulia, tukae kidogo.

Wati zilizoandikwa kwa herufi kubwa ubavuni ziache. Geuza pawa saplai, soma jedwali la stika, tafuta mstari wa +12V. Prosesa na kadi zote zinakula hapo. Ya kweli ya 550W itaandika kama 45A: 12 × 45 = 540W. Karibu yote ipo kwenye +12V. Sasa zile zinazokuja na makasha ya taa, zinaandika 600W, ukisoma jedwali unakuta +12V ni 16A. 12 × 16 = 192W. Wati nyingine zimejazwa kwenye +5V na +3.3V ambako kompyuta ya leo haili sana. RX 580 peke yake inahitaji 185W, prosesa itakula nini? Mashine inawaka, Windows inafunguka, YouTube inacheza, halafu ukifungua gemu inazima ghafla. Mteja anaambiwa kadi mbovu, kumbe kadi haina kosa.

Angalia na nyuma yake. Kukiwa na swichi nyekundu ya 115/230, hiyo ni ya muundo wa zamani, na kama mashine imetoka Marekani huenda imekaa kwenye 115. Ukiichomeka hivyo kwenye umeme wetu wa 230, inapasuka papo hapo. Nzuri za siku hizi hazina swichi hiyo, zinaandika 100-240V na zinajirekebisha zenyewe.

Hesabu ya mashine aliyokupangia FundiSoketi: kadi 132W, Ryzen 5 5600 hadi 76W, bodi na RAM na SSD na feni tuseme 50W. Jumla kama 258W. Kwa hiyo hata 450W ya kweli ingebeba. 550W inakupa nafasi ya kadi kubwa baadaye. 750W ni pesa ya kukaa tu. Pawa saplai nunua mpya, yenye waranti, na hii ndiyo pekee nisiyoshauri used, kwa sababu kapasita zinachoka kimyakimya na hakuna programu ya kukuonyesha.

UPS: namba iliyoandikwa kwa VA si wati. 650VA nyingi zinatoa wati 360 hadi 390. Mashine yako ikiwa kwenye gemu itavuta ukutani kama 305W, ongeza monita 25W, upo kwenye 330W. Inabeba, kwa shida, na betri ikizeeka mwaka wa pili haitabeba. 1000VA inakaa vizuri zaidi. Kazi yake ni kukupa dakika za kutoka kwenye gemu na kuzima, usitegemee kuendelea kucheza. Siku ya kuinunua omba waichomeke na mzigo kisha wavute plagi ukutani: UPS za bei nafuu zinatoa umeme wenye wimbi la ngazi, na baadhi ya pawa saplai hazilipokei, zinazima sekunde ileile ya kubadili.

Ikiwa UPS itasubiri mwezi ujao, umeme ukikatika chomoa plagi. Dakika za kwanza baada ya umeme kurudi ndizo mbaya, volti zinapanda na kushuka kabla ya kutulia.

Kibodi255

Wakuu, asanteni sana, ile ya i7 nimeachana nayo. Kuna RX 6600 used ya feni mbili, 450,000. Muuzaji anasema haijachimba sarafu za kidijitali. Ataniruhusu kuijaribu dukani kwake. Nikague nini? Na hii monita yangu ya VGA inaingiaje?

FundiSoketi

Mkuu, habari ya kuchimba isikunyime usingizi. RX 6600 ilitoka Oktoba 2021, na uchimbaji wa Ethereum kwa kadi ulikoma tarehe 15 Septemba 2022, kwa hiyo haikupata hata mwaka mzima wa kazi hiyo. Chipu haiuliwi na hilo. Kinachochoka ni feni, pesti, na kadi iliyokaa pwani kwenye unyevu wa chumvi.

Anza kwa macho. Bamba la chuma lenye matundu ya HDMI: kutu nyeupe au kijani hapo ni ishara kwamba ndani kupo hivyohivyo. Meno ya dhahabu yawe safi, bila alama nyeusi za kuungua. Tundu la pini 8 lisiwe la kahawia wala kuyeyuka. Zungusha kila feni kwa kidole polepole, isikwaruze wala kuyumba. Skrubu nne nyuma ya chipu zikiwa zimechunika, imefunguliwa. Si kosa, ila uliza kwa nini.

Nenda na flashi yenye GPU-Z, programu ya kusoma taarifa za kadi, haihitaji kusakinishwa. Usome hivi: GPU iwe Navi 23, Shaders (vile vichakataji vidogo) 1792, kumbukumbu 8192 MB ya GDDR6, upana wa basi biti 128. Kadi ya uongo mara nyingi GPU-Z inaiandika FAKE mbele ya jina. Kwenye Bus Interface uone x8. Ikisoma x4 au x1, chomoa, futa meno kwa kifutio cha penseli na kitambaa kikavu, rudisha. Ikibaki hivyo kwenye bodi nzima, iache.

Kisha FurMark, programu ya kuipa kadi mzigo mzito, dakika 15, GPU-Z ikiwa wazi pembeni kwenye Sensors. Kwa joto la Dar, chipu ikae chini ya nyuzijoto 80. Soma na Hot Spot. Ikizidi ile ya kawaida kwa 15 au 20, sawa. Ikizidi kwa 30, pesti imekauka au kipoza hakijakaa, punguza bei ya matengenezo. Vidoti vya rangi, mistari, au skrini kuwa nyeusi huku feni zikipiga kelele kwa nguvu zote: kumbukumbu mbovu. Hiyo haina matengenezo ya bei nafuu. Jaribu na matundu yote, HDMI na kila DisplayPort.

Monita: RX 6600 haina ishara ya analogi hata kidogo, kwa hiyo waya wa moja kwa moja hautafanya kazi. Nunua adapta ya HDMI kwenda VGA yenye chipu ndani. Angalia mwelekeo, zipo za VGA kwenda HDMI zinazofanana nazo kabisa kwa sura na hazifanyi kazi kinyume. Itakupa 1080p kwa 60Hz.

BandariniPC

Nimalizie ya kufunga, kwa kuwa vifaa vikishafika nyumbani ndiko vinakofia.

Ryzen ya AM4 ina pini chini yake. Ukinunua used, iweke usawa wa macho uangalie mistari ya pini kama safu za mahindi shambani, iliyolala utaiona. Inaingia kwenye soketi kwa uzito wake yenyewe, pembetatu ya dhahabu kwa pembetatu ya soketi. Ikikataa, kuna pini imepinda.

Kipoza kinachokuja na 5600 kinafungwa kwa skrubu nne. Kwanza toa vishikio viwili vya plastiki juu ya bodi, na ushike bamba la nyuma lisidondoke, kwani skrubu hizo zinaingia humo. Kaza kwa msalaba, kidogo kidogo.

Bodi ya B450 iliyokaa dukani muda mrefu huenda BIOS yake (programu ya bodi inayoamka kwanza) haiijui Ryzen 5000: feni zinazunguka, skrini nyeusi. Tafuta stika ya "Ryzen 5000 Ready", au bodi yenye kitufe cha kuweka BIOS kwa flashi bila prosesa. La sivyo mwambie muuzaji aiwekee BIOS mpya kabla hujatoka.

Kwenye bodi yenye nafasi nne, RAM ziwekwe ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwa prosesa. Kisha ingia BIOS uwashe XMP, bodi nyingine wanaiita DOCP. Usipoiwasha, RAM ya 3200 itakimbia 2133 au 2400 na utakuwa umelipia kasi usiyoitumia.

Waya wa prosesa na waya wa kadi zote zina pini 8. Wa prosesa unagawanyika 4+4, wa kadi 6+2. Na kama pawa saplai ni ya waya za kuchomoa, usitumie waya za pawa saplai nyingine hata kama plagi inaingia: upande wa boksi mpangilio wa pini haufanani, na SSD au diski inaungua mara moja.

Feni mbili mbele zivute, moja nyuma itoe. Kioo kitupu mbele ya kasha, kwa chumba kisicho na kiyoyozi, kinapandisha joto bila sababu. Monita uchomeke kwenye kadi. Matundu ya bodi hayatatoa picha.

Kabla ya kusakinisha Windows 11, kwenye BIOS zima CSM (uwashaji wa mtindo wa zamani), washa fTPM (TPM iliyo ndani ya prosesa) na Secure Boot, ili SSD ipangwe kwa GPT, mpangilio mpya wa diski, tangu mwanzo. Watu husakinisha na CSM ikiwa wazi, SSD inakuwa MBR (mpangilio wa zamani), na wakija kuwasha Secure Boot baadaye mashine haifunguki. Hapo tiba ni kurudisha CSM, kuendesha mbr2gpt (zana ya Windows ya kubadili MBR kuwa GPT), kisha kuizima tena. Ukimaliza bonyeza kitufe cha Windows na R, andika msinfo32: BIOS Mode isome UEFI, Secure Boot State isome On. Rudia na tpm.msc, isome 2.0. Vikikaa hivyo, pakua Valorant.